Nasibu Iliyoganda: Msimbo wa Uhai na Swali Lililoulizwa Kambu

Kuna aina ya makala ambayo sisi wapenzi wa Kiswahili tumeizoea mno. Hufunguliwa kwa dai kwamba Kiswahili kina uwezo wa kueleza sayansi, huendelea kwa kuorodhesha istilahi zilizosanifiwa na zisizosanifiwa, huwalaumu watunga sera, kisha hufungwa kwa wito. Nimewahi kuyaandika mimi mwenyewe makala ya namna hiyo, na sikanushi kwamba yana nafasi yake. Lakini yana kasoro ambayo ni muhali kuificha: mtu aweza kusoma kumi kati ya hayo asijifunze jambo hata moja la kisayansi. Tunaitetea lugha kwa kusema inaweza kubeba mzigo, ilhali mzigo wenyewe tumeuacha kando ya barabara.

Makala haya yanajaribu kubeba mzigo mmoja tu, nao ni swali la asili ya msimbo wa kijenetiki: ilikuwaje herufi za urithi zikapata kusomeka kama asidi amino? Maoni yangu ni kwamba swali hili, linalodhaniwa kuwa milki ya wanakemia na wanabiolojia, kwa umbo lake ni swali la isimu, na kwamba anayesoma Kiswahili ana zana za kulielewa kuliko anavyojidhania. Sikuyafikia maoni haya kwa kusoma vitabu kwanza. Niliyafikia kwa kushindwa kumjibu mwanafunzi.

Mwaka 2022 nilifundisha Kiswahili kwa muhula mmoja katika shule ya sekondari isiyo mbali na Kambu, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei. Apajuaye mahali pale anajua jinsi lugha zinavyogawana siku. Sokoni ni Kikamba. Penye malori yaliyoegeshwa ni Kiswahili cha kila namna: cha dereva wa Mombasa asemaye ndoo na ndaa pale wenzake wanaposema njoo na njaa, na cha dereva wa kutoka Kongo ambaye kwake sarufi ni ya kuazima. Darasani, somo la Biolojia ni kwa Kiingereza. Siku moja nilikuwa nikiwaeleza kidato cha nne kwamba uhusiano kati ya neno na kitu ni wa nasibu, na kwamba hakuna chochote ndani ya mbuzi kinachomlazimisha aitwe mbuzi. Darasa likacheka. Kwa Kikamba mbuzi ni mbũi, na mfano wangu, uliokusudiwa kuonyesha jinsi kila lugha ijichagulievyo, ukawa umejikwaa mbele ya watu arobaini.

Baada ya kipindi msichana mmoja alinifuata. Akaniambia, “Mwalimu, katika Biolojia tumefundishwa kwamba selimundu hutokana na asidi amino moja kukaa mahali pa nyingine, kwa sababu herufi moja imebadilika. Kaka yangu anaugua ugonjwa huo. Ninachotaka kujua ni nani aliyeamua kwamba zile herufi zisomeke vile. Ni nasibu kama mbuzi?”

Nilimjibu kwamba hilo halitahiniwi. Jibu hilo limenikaa moyoni tangu siku ile, na yafuatayo ni jibu alilostahili.

Tuanze na yale yaliyo wazi. Taarifa za urithi zimehifadhiwa katika DNA na hunakiliwa katika RNA, ambayo ina herufi nne: A, U, G na C. Herufi hizo husomwa tatu tatu, na kila utatu huitwa kodoni. Kwa hesabu, nne kwa nne kwa nne huzaa kodoni 64. Kati ya hizo, 61 husimamia asidi amino 20, na 3 zilizosalia huamuru usomaji ukome. Asidi amino hizo hushikana mnyororo, mnyororo hujikunja, nao ukishajikunja tunauita protini: ndiyo misuli, ndivyo vimeng'enya, ndiyo hemoglobini ya damu. Mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei, nchini Marekani, walitengeneza RNA yenye herufi U tupu na kupata mnyororo wa asidi amino moja tu, fenilalanini. Kwa hiyo UUU ni fenilalanini. Neno la kwanza la kamusi likawa limepatikana. Kufikia mwaka 1966 kamusi yote ilikuwa imejazwa.

Sasa tutazame herufi ya kaka yake yule msichana. Hemoglobini ya mtu mzima imeundwa kwa minyororo minne, miwili kati yake ikiitwa ya beta, kila mmoja una asidi amino 146. Katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta kodoni ni GAG, nayo husomeka asidi glutamiki, asidi yenye chaji na ipendayo maji. A ya katikati ikibadilika kuwa U, kodoni huwa GUG, yaani valini, ambayo huyakwepa maji kama mafuta. Hemoglobini zenye valini pale huanza kushikamana pindi oksijeni inapopungua, hujipanga kamba kamba, na seli nyekundu hupindika mithili ya mundu. Ndiyo maana wenzetu wa Tanzania wameuita ugonjwa huu selimundu, jina ambalo kwa maoni yangu ni miongoni mwa istilahi chache ambazo mtu akizisikia mara moja huuona ugonjwa wenyewe. Vernon Ingram, akiwa Cambridge, ndiye aliyebainisha katika miaka ya 1956 na 1957 kwamba tofauti yote ni ya asidi amino hiyo moja.

Kwamba kosa hili limedumu ni habari ya kwetu Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, alirudi nchini mwaka 1949 pamoja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali. Aliona kwamba chembe ya selimundu ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na haba katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: aliyerithi herufi hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Ukitoka Kambu ukiteremka na barabara ile hadi Mombasa, unateremka kuelekea mahali ambapo herufi hiyo iliwaokoa wengi kwa gharama ya wachache. Lakini hilo linaeleza kwa nini kosa limebaki. Halielezi kwa nini GUG ni valini. Msichana aliuliza hilo la pili.

Je, ni nasibu? Hapa ndipo mwanafunzi wa isimu anapopaswa kukaa wima. Mwaka 1916, katika kitabu kilichochapishwa baada ya kifo chake, Ferdinand de Saussure alitufundisha kwamba kiashiria na kiashiriwa havifungamani kwa asili. Katika seli kuna ushahidi wa jambo hilohilo, na ni ushahidi wa maabara. Kodoni haikutani na asidi amino yake ana kwa ana. Kati yao kuna mkalimani, molekuli ndogo ya RNA, ambayo kwa upande mmoja huitambua kodoni na kwa upande wa pili, mbali na pale, hubeba asidi amino. Francis Crick alibashiri kuwapo kwa mkalimani huyo mwaka 1955 kabla hajaonekana. Mwaka 1962 watafiti walimchukua mkalimani aliyebeba sisteini, wakaigeuza sisteini hiyo kikemia ikawa alanini ikiwa bado mgongoni mwake, kisha wakamrejesha kazini. Seli haikugundua. Palipoandikwa sisteini ikatiwa alanini bila kinyongo. Kinachosomwa ni mkalimani, wala si mzigo wake.

Kwa hiyo jedwali lingeweza kuwa jingine. Ndivyo Crick alivyohoji mwaka 1968 katika makala yake kuhusu asili ya msimbo. Alisema huenda mgawanyo wa kodoni ulitokea kwa ajali hapo mwanzo, kisha ukaganda. Uliganda kwa sababu kubadilisha maana ya kodoni moja baada ya viumbe kuwa na protini nyingi kungeziharibu protini zote mara moja. Hoja hii ya ajali iliyoganda haipaswi kuwa ngeni kwa msomaji wa jarida hili. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki ikaanza kazi. Watetezi wa Kimvita hawakuridhika, na wapo wasioridhika hadi leo. Lakini nani sasa ataweza kurudisha nyuma vitabu, kamusi, mitihani na magazeti ya karibu miaka mia? Si lazima Kiunguja kiwe kilikuwa bora. Yatosha kwamba kilitangulia, na kila kilichojengwa baadaye kilijengwa juu yake.

Naomba nisieleweke vibaya. Mfano huo una kikomo, na kikomo chenyewe ndicho kinachomjibu yule msichana. Kwa Kiswahili Sanifu tunaweza kutaja mji, mwaka na kamati. Kwa msimbo wa uhai hakuna kamati. Na hata ile kamati yetu haikukiunda Kiunguja, ilikikuta. Ukiuliza ni nani aliyeamua kwamba Waunguja waseme macho na Wamvita waseme mato, hutapata mtu wa kumshika. Lugha ina maamuzi yasiyo na mwamuzi.

Hata hivyo, kusema nasibu na kuishia hapo ni uvivu, na nadhani sisi wa Kiswahili ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kuuona uvivu huo, kwa sababu tuna ngeli. Hebu fikiri: ngeli za nomino ni nasibu au zina mantiki? Mwalimu wa shule ya msingi husema M-WA ni ya viumbe wenye uhai na M-MI ni ya miti. Kisha mtoto hukutana na mkono, mto, mwezi na moyo, akajua kwamba amedanganywa nusu. Lakini ni nusu tu! Ukienda katika mashamba ya matunda ya Makueni, utaratibu huo ni safi: mwembe huzaa embe, mchungwa huzaa chungwa, mpapai huzaa papai, mti uko M-MI na tunda liko JI-MA, na hata mti mgeni ukiletwa kesho tutajua tuuweke wapi. Ngeli ni nasibu iliyopitiwa na matumizi hadi ikapata mpangilio, na mpangilio uliopitiwa na historia hadi ukapata visiki.

Msimbo wa kijenetiki uko vivyo hivyo. Tazama kodoni zote zenye U katikati: fenilalanini, lusini, isolusini, methionini, valini. Zote huyakwepa maji. Tazama zenye A katikati: karibu zote huyapenda. Herufi ya tatu nayo mara nyingi haina uzito, kwani GUU, GUC, GUA na GUG zote ni valini. Matokeo yake ni kwamba makosa mengi ya herufi ama hayabadilishi kitu, ama hubadilisha asidi kwa ndugu yake. Mwaka 1991 David Haig na Laurence Hurst walilinganisha jedwali letu na majedwali mengine ya kubuni, na mwaka 1998 Stephen Freeland na Hurst wakarudia kwa majedwali milioni moja yaliyopangwa kwa bahati nasibu ndani ya kompyuta. Walipotia maanani makosa ambayo hutokea zaidi katika usomaji halisi, ni jedwali moja tu kati ya hayo milioni lililolishinda letu katika kupunguza madhara.

Turudi kwenye GAG ya nafasi ya sita. G ya mwisho ikigeuka A, bado ni asidi glutamiki. Hakuna anayeugua, hakuna hata anayejua. Ikigeuka U au C, tunapata asidi aspatiki, ambayo ni nduguye wa karibu. G ya mwanzo ikigeuka A, tunapata lisini, na hemoglobini hiyo ipo kweli, inajulikana kama hemoglobini C na hupatikana zaidi Afrika Magharibi. Madhara yake peke yake ni madogo kuliko ya selimundu. Herufi ya katikati ndiyo mlango usio na komeo. Msimbo umeyaziba makosa mengi, nao haukuweza kuyaziba yote, na kaka wa mwanafunzi wangu yumo katika yale yasiyozibwa. Naona ni afadhali kumwambia mtu hivyo kuliko kumwambia kwamba damu yake ina laana, kama wengine wanavyoambiwa.

Na sasa nirudi kwa mbuzi aliyeniaibisha. Kicheko cha darasa kilikuwa na hoja ndani yake kuliko somo langu. Ikiwa jina la mnyama ni la nasibu, kwa nini Mswahili aseme mbuzi, Mkamba mbũi, Mganda embuzi na Mzulu imbuzi? Kwa nini mtu na watu, mũndũ na andũ, omuntu na abantu? Jibu tunalijua tangu mwaka wa kwanza: pale mambo ya nasibu yanapofanana kwa wingi na kwa utaratibu, na si mambo ya kuazimana, maelezo ni asili moja. Yangekuwa ya lazima kimaumbile yasingethibitisha chochote, kwani kila mtu angeyafikia peke yake. Ni nasibu yake inayoyafanya kuwa ushahidi. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie Kikamba kimewekwa E55 na Kiswahili G42, wala havitoki katika kundi moja dogo, ila kisiki chao ni kimoja.

UUU ni fenilalanini kwa mbu, kwa mbuyu wa Kibwezi, kwa bakteria wa tumboni, kwa mbuzi na kwa mwenye mbuzi. Mantiki ile iliyotufikisha kwenye Kibantu mame ndiyo inayowafikisha wanabiolojia kwa babu mmoja wa viumbe wote walio hai, ambaye makadirio yaliyochapishwa mwaka 2024 yanamweka takriban miaka bilioni 4.2 iliyopita. Hata lahaja zipo. Mwaka 1979 ilibainika kwamba katika mitokondria za binadamu UGA, ambayo kwingine ni amri ya kukoma, husomeka tiriptofani. Mitokondria hutengeneza protini chache tu, hivyo ziliweza kubadilisha neno bila kuangusha nyumba. Mwanaisimu hashangai. Jamii ndogo iliyojitenga ndiyo hubadilisha mambo ambayo lugha kubwa haithubutu kuyagusa.

Limebaki fumbo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Vile vimeng'enya vinavyompandishia mkalimani mzigo wake, yaani vinavyohakikisha kwamba mkalimani wa GUG amebeba valini wala si kitu kingine, ni protini. Nazo protini huandikwa kwa msimbo uleule. Mtu asiyejua Kiswahili akipewa Kamusi ya Kiswahili Sanifu atakuta kila neno limeelezwa kwa maneno mengine ya Kiswahili. Hana mlango wa kuingilia. Seli ina kamusi ya namna hiyo. Ya kwanza iliandikwaje?

Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 2000, pale muundo wa ribosomu, karakana inayounganisha asidi amino, ulipoonekana kwa undani. Kazi hiyo iliwapatia Venkatraman Ramakrishnan, Thomas Steitz na Ada Yonath Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mahali hasa ambapo asidi amino huunganishwa hapana protini. Pana RNA tupu. Ilikwisha kujulikana tangu miaka ya 1980, kwa kazi ya Thomas Cech na Sidney Altman, kwamba RNA inaweza kubeba taarifa na pia kutenda kazi. Kwa hiyo msomaji wa kwanza hakuwa protini. Kabla ya kamusi palikuwa na wasemaji, na hili nalo wanafasihi simulizi hawahitaji kushawishiwa.

Kuhusu asidi amino zenyewe, si zote ziliingia siku moja. Baadhi zilikuwapo kabla ya uhai wowote. Stanley Miller alizipata mwaka 1953 kwa kupitisha cheche za umeme katika gesi na mvuke. Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilikuwa nazo, zikiwamo valini na asidi glutamiki, wahusika wetu wawili. Vumbi la sayari ndogo Bennu lililoletwa duniani mwaka 2023 lilikutwa na 14 kati ya zile 20, kama ilivyotangazwa Januari 2025. Nyingine, kama tiriptofani, zinaelekea kuwa zilitengenezwa na uhai wenyewe na kupewa kodoni baadaye. J. Tze-Fei Wong alipendekeza mwaka 1975 kwamba asidi changa zilirithi kodoni kutoka kwa asidi zilizozizaa, na upo mfano unaonipendeza: katika bakteria wengi glutamini haipandishwi moja kwa moja kwa mkalimani wake. Hupandishwa asidi glutamiki, kisha hugeuzwa glutamini pale pale mgongoni. Ni kama mtoto anayesajiliwa kwa jina la baba kwanza ndipo apewe lake.

Desemba 2024 Sawsan Wehbi, Joanna Masel na wenzao wa Chuo Kikuu cha Arizona walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa njia ambayo mhakiki wa miswada ataitambua papo hapo. Hawakuchanganya gesi. Walizisoma protini za kale zilizorithiwa kutoka kwa yule babu mmoja, wakahesabu ni asidi amino zipi zilitumika kwa wingi na zipi kwa uchache, kwa dhana kwamba iliyochelewa kuingia haina budi kuwa adimu katika maandishi ya kale. Waliona asidi ndogondogo zilitangulia, na zile zishikazo madini, sisteini na histidini, ziliingia mapema kuliko ilivyofikiriwa. Kisha wakakuta jambo lisilotarajiwa: katika protini za kale zaidi, zilizokwisha kugawanyika hata kabla ya babu yule, tiriptofani na tirosini zimo kwa wingi kupita kiasi, ingawa hizo ndizo zinazohesabiwa kuwa za mwisho kuingia. Maelezo wanayopendekeza ni kwamba huenda palikuwapo misimbo mingine kabla ya huu, iliyokwisha kutoweka, nayo ikatuachia msamiati. Ni maelezo yanayohitaji kupimwa bado. Lakini anayejua jinsi maneno ya lugha iliyokufa yanavyoweza kuishi ndani ya lugha iliyoimeza hatayaona ya ajabu.

Nitapingwa, najua. Mhadhiri mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba haya yote ni tamathali tu, na kwamba seli haisemi. Nakubali kwamba haisemi. Hakuna msikilizaji, hakuna nia, hakuna maana kwa maana yetu. Ila tamathali tayari zimo katika sayansi yenyewe, zimeingizwa na wanasayansi: msimbo, herufi, usomaji, tafsiri. Hatuna hiari ya kuzikataa. Hiari tuliyonayo ni ya kuzihakiki, na hiyo ni kazi yetu kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Tunapowaambia wanafunzi kwamba DNA ni barua au kitabu, tunawalazimisha wamtafute mwandishi, na swali la “nani aliyeamua” huzaliwa na tamathali yetu kabla halijazaliwa na maumbile. Sijadili imani ya mtu hapa. Anayeamini kwamba Mungu ndiye chanzo cha yote anaweza kuamini hivyo kuhusu mito pia, na bado akataka kujua maji yanapita wapi. Ninachosema ni kwamba tukiteua lugha badala ya barua, lugha kama tunavyoijua sisi, yenye asili isiyo na mwasisi, yenye ngeli na visiki, lahaja na maneno yaliyorithiwa kwa wafu, tutakuwa tumemwonyesha mwanafunzi njia ya kuuliza vizuri zaidi. Na tutakapoketi kusanifu istilahi, tutajua tunasanifu nini. Hata neno msimbo lenyewe lina dosari hiyo, kwani humfanya mtu afikirie jasusi aliyeficha ujumbe. Nimelitumia kwa sababu limekwisha kuenea, na nimekwisha kueleza kinachotokea kwa mambo yaliyokwisha kuenea.

Nilipomaliza rasimu ya kwanza nilimtafuta yule mwanafunzi kwa simu. Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema, “Kwa hiyo hakuna aliyeamua, Mwalimu.” Nikamwambia hakuna. Akaniuliza kama sasa herufi hiyo yaweza kusahihishwa. Nilimweleza kwamba Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kuhariri jeni, na Marekani ikafuata mwezi uliofuata, lakini tiba hiyo haiigusi herufi ya nafasi ya sita. Huzima kizuizi, ili mwili uanze tena kutengeneza hemoglobini ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo haina mnyororo wa beta kabisa. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Akacheka kidogo. Kaka yake, alisema, anameza haidroksiyurea kila asubuhi. Nikamwambia kwamba kidonge hicho nacho, kwa njia yake, hufanya sehemu ya kazi hiyohiyo: huuhimiza mwili urudie hemoglobini ya zamani. Akanyamaza, halafu akaniomba nimwandikie hilo kwa Kiswahili, amsomee mama yao.